Siku Kwanza, Sanduku Baadaye: Mwongozo wa Kuanzisha Kijiwe cha Wastaafu Kijijini

Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima afikapo miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55. Barua ya mwajiri humweleza tarehe ya mwisho ya kazi na nyaraka za kupeleka kwenye mfuko wa pensheni. Haimwelezi Jumanne zake atazifanyia nini.

Miezi ya mwanzo haina shida. Kuna nyumba ya kumalizia, ndugu wa kutembelea, mafao ya kufuatilia. Baada ya hapo siku huanza kufanana. Shamba lina msimu wake, na kiangazi hakina kazi ya kumtosha mtu aliyezoea kengele ya shule au zamu ya wodini kwa zaidi ya miaka 30. Wenzako wa kazini wametawanyika, kila mmoja kwao. Wale uliokulia nao kijijini walizoea kukuona wakati wa likizo tu, na mazungumzo yenu hayavuki habari za mvua na bei ya mbolea.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuanzisha kijiwe: kikundi cha watu wazima wanaokutana siku moja ileile kila wiki kupiga soga, kucheza, kujinyoosha viungo na kufundishana. Kijiwe hiki si chama cha siasa, si VICOBA wala mradi wa mfadhili. Hakihitaji jengo. Watu sita hadi kumi na wawili wanatosha kukianza.

KWA NINI UANZE NA SIKU

Vikundi vingi vya kijijini huzaliwa na mchango. Watu wanakusanyika, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanapanga kiingilio, kisha wanaanza kukopeshana. Kwa wazee utaratibu huo una kasoro mbili.

Ya kwanza ni kwamba kipato hakilingani. Mwenye pensheni anapata kitu kila mwezi. Mkulima wa umri wake, ambaye hakuwahi kuwa na mwajiri wala mfuko, anashika fedha baada ya mavuno. Mwezi wa pili anadaiwa, wa tatu anaona haya, wa nne haji tena. Mara nyingi huyo aliyeacha kuja ndiye aliyekuwa na upweke zaidi.

Ya pili ni kwamba mkopo wa kwanza usiporudi, kijiwe kinageuka baraza la usuluhishi. Watu waliokuja kucheka wanarudi nyumbani na kinyongo.

Siku haimdai mtu. Aliyekosa wiki hii anakuja wiki ijayo, anapokelewa na kikombe cha chai. Mkishazoeana, na kila mmoja akajua mwenzake anatimiza ahadi ya kufika, mazungumzo ya fedha yatakuwa mepesi. Ndiyo maana kanuni ya mwongozo huu ni moja: siku kwanza, sanduku baadaye.

Na kwa nini kujifunza, badala ya kupiga soga tu? Kwa sababu soga lisilo na kitu kipya huishiwa, na likiishiwa hugeuka umbea. Isitoshe, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wanaostaafu sasa waliwaona wazazi wao wakienda kisomo na daftari kwapani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya redio. Walisikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Mtindo huo wa kusikiliza, kujadili na kutenda bado unafaa. Haumsubiri mtaalamu kutoka wilayani. Anatosha mtu mmoja anayesoma vizuri na anayejua kuuliza maswali.

> KISANDUKU: NANI AKARIBISHWE?
>
> Mkulima hastaafu. Ukiandika "wastaafu tu" utapata walimu wanne na askari mmoja, na nusu ya rika lenu watajiona wametengwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Fuata kipimo hicho, na usimfukuze mwenye miaka 55.
>
> Wakumbuke hasa:
> - wajane na wagane wanaoishi peke yao au na wajukuu tu;
> - waliorudi kijijini baada ya miaka mingi mjini;
> - wasiojua kusoma, ambao aghalabu ndio wenye kumbukumbu nzito;
> - wenye fimbo, wenye usikivu hafifu na wenye mtoto wa jicho.

HATUA SABA ZA KUANZA

1. Tafuta wenzako watatu. Ukianza peke yako, kijiwe kitaitwa kwa jina lako na kitakufa siku utakayougua. Mtafute mmoja aliyewahi kuajiriwa, mmoja ambaye hajawahi kuhama kijiji, na kati yenu awepo mwanamke. Nenda nyumbani kwa kila mmoja. Mwaliko kwa mtu mzima haupelekwi kwa simu. Unakwenda, unakaribishwa kiti, unaulizwa habari za nyumbani, ndipo unasema lililokupeleka.

2. Waulize wanawake saa. Wanaume watakubali saa yoyote utakayotaja. Bibi wa miaka 65 huenda ana wajukuu wa kulisha, maji ya kuteka na kuku wa kufungia kabla giza halijaingia. Katika vijiji vingi mwanya wake uko kati ya saa 9 na saa 11 alasiri. Ukipanga saa 12 jioni, kijiwe kitakuwa cha wanaume peke yao na hutajua kwa nini.

3. Chagua siku na uifunge. Ondoa kwanza siku ya gulio au mnada, Ijumaa, Jumapili, siku ya jumuiya na siku ya kliniki ya presha na sukari. Katika siku zilizobaki chagua moja. Ikishachaguliwa isihame, hata wiki ambayo mmekuja watatu. Msimu ukibana, punguza muda badala ya kuhamisha siku: wakati wa kupanda na kuvuna kutaneni saa moja badala ya mbili.

4. Chagua mahali pa wazi. Panahitajika kivuli, choo cha karibu, viti vyenye egemeo na njia isiyo na utelezi. Uwanja wa shule baada ya masomo, ukumbi wa ofisi ya kijiji au ghala la chama cha ushirika vinafaa. Epuka kilabu cha pombe, ofisi ya chama cha siasa na sebule ya mwenye uwezo kuliko wote. Msikitini au kanisani ni pazuri, ila utawaacha nje wa dini nyingine. Uwazi una sababu nzito zaidi: kuna maeneo, hasa Kanda ya Ziwa, ambako wanawake wazee wameshambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Kikundi kinachokutana mchana, mbele ya macho ya watu, watoto wakipita wakiamkia, hakiachi nafasi ya minong'ono.

5. Toa taarifa. Mwone mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Sema kwa ufupi: "Tunakutana wazee kila Jumatano saa tisa, kunywa chai na kuelimishana. Hatuchangishi fedha na hatuna chama." Mwombe aje siku ya kwanza asalimie. Afisa maendeleo ya jamii wa kata naye ajulishwe, maana ndiye atakayewasaidia siku mtakapotaka kujisajili.

6. Gawa kazi tatu, zisizidi. Mmoja ashike ratiba: nani anafundisha nini wiki ijayo. Mmoja ashike birika. Mmoja awe wa kuulizia: aliyekosa mara mbili mfululizo, yeye anapita kwake kumjulia hali. Kazi hii ya tatu ndiyo roho ya kijiwe, na ndiyo inayosahaulika. Zamu zibadilike kila baada ya miezi mitatu.

7. Acheni ukubwa wa kazini. Aliyekuwa mwalimu mkuu ataitwa Mwalimu hadi mwisho, na aliyekuwa jeshini ataitwa Afande. Hilo ni heshima yao, liache. Tatizo huanza pale Mwalimu anapowakatiza watu kama darasa la tatu, au Afande anapotoa amri ya kupanga viti. Wekeni kanuni: kila wiki anaongoza mtu mwingine, na anayeongoza hakatizwi. Siku bibi asiyejua kusoma anapofundisha kuhifadhi mbegu za mtama kwa majivu, mwalimu mkuu anakaa chini kama mwanafunzi.

SAA MBILI ZA KIJIWE

Ratiba hii ni ya kuanzia. Ibadilisheni mkishaizoea.

- Saa 9:00–9:20. Kupokeana. Shikamoo kwa waliotangulia, habari za nyumbani, chai. Chai iwe ya tangawizi, sukari ikae pembeni kila mtu ajiwekee, maana wenye kisukari hawapendi kutangaza. Kila mmoja aje na kikombe chake. Kitafunwa kiwe cha shambani: muhogo wa kuchemsha, magimbi, karanga.
- Saa 9:20–9:35. Viungo. Tazama sehemu ya mazoezi hapa chini.
- Saa 9:35–10:20. Somo. Dakika 15 za maelezo, 30 za kujaribu na kuuliza.
- Saa 10:20–10:50. Mchezo au kusomeana. Bao, karata, drafti, vitendawili, au kitabu kinachosomwa kwa sauti.
- Saa 10:50–11:00. Kufunga. Nani hayupo? Nani atapita kwake? Wiki ijayo nani anafundisha? Kisha kila mtu kwake kabla jua halijazama.

WIKI 12 ZA KWANZA

Panga masomo yachanganyike: jambo la mikono, jambo la karatasi, jambo la mwili. Wiki tatu za mwanzo afundishe mwenyeji, ndipo aalikwe mgeni.

1. Kila mmoja anataja jambo moja analojua kulifanya vizuri na moja analotaka kulijua. Andikeni yote, hii ndiyo ratiba yenu ya mwaka.
2. Kuhifadhi mbegu na nafaka zisibunguliwe.
3. Kujifunza bao, au kumfundisha asiyelijua.
4. Utapeli wa simu.
5. Presha na sukari: mwalikeni mhudumu wa zahanati aje na kipimo.
6. Uhakiki wa wastaafu: nyaraka gani zinatakiwa, na kwa nini pensheni husimama mtu asipohakikiwa.
7. Bustani ya mboga ya kiangazi kando ya nyumba. Mwalikeni ofisa ugani.
8. Ramani ya kijiji cha zamani.
9. Wosia na mirathi: mwalikeni msaidizi wa kisheria, na muulizeni kuhusu huduma ya RITA ya kuandika na kutunza wosia.
10. Mikopo ya "kausha damu" na michezo ya upatu. Wengi bado wanaukumbuka upatu wa DECI ulioanguka mwaka 2009.
11. Kusuka, kushona, kuchonga: wenye ufundi waje na kazi zao.
12. Tathmini: nini kiendelee, nini kiachwe.

SOMO MOJA KWA KARIBU: UTAPELI WA SIMU

Somo hili linafaa kuja mapema, kwa sababu matapeli wanajua mwenye kiinua mgongo ni nani. Unahitaji simu mbili tu, na moja iwe kitochi ili asiye na simu janja asijione nyuma.

1. Anza na wanachokijua. Uliza: nani amewahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mikono yote itanyooka. Waache wacheke kidogo, kisha uliza kama kuna anayemjua mtu aliyetuma kweli. Usimlazimishe mtu kusema kama ni yeye.
2. Igizeni. Mmoja awe tapeli, mwingine mstaafu. Tapeli anajitambulisha kuwa ni ofisa wa mfuko wa pensheni, anataja jina kamili la mstaafu, anasema malipo yamekwama na inatakiwa "ada ya kufungua faili" leo kabla ya saa kumi.
3. Tajeni dalili. Kundi liseme lenyewe: ana haraka, anataka iwe siri, anataka fedha itangulie, anauliza namba ya siri. Dalili moja inatosha kukata simu.
4. Karirini jibu. "Nitakuja ofisini mwenyewe." Kila mmoja aliseme kwa sauti yake, kisha akate. Wazee wengi hunaswa kwa sababu wanaona ni ufidhuli kumkatia mtu simu. Zoezi hili huwaondolea haya.
5. Kagueni usajili. Kila mwenye simu abonyeze \*106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Asiyoitambua aipeleke kwenye duka la kampuni ya simu.
6. Ripotini. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo yatakayokuja.
7. Kazi ya nyumbani. Mfundishe jirani mmoja ambaye hakuja.

> TAHADHARI
>
> Namba ya siri haitajwi darasani, haiandikwi ubaoni, haipewi mwalimu. Mwenye simu ndiye anayebonyeza. Mwalimu anaelekeza kwa mdomo, mikono yake ikiwa nyuma. Wengi wataona aibu kusema kwamba namba ya siri anaijua mjukuu. Wafundishe kuibadilisha, bila kumgombanisha mtu na familia yake.

MICHEZO: BAO LISIWE LA WANAUME PEKE YAO

Bao ni mazoezi ya kichwa yasiyohitaji umeme. Lina mashimo 32 katika safu nne za manane, na kete 64. Shida ni kwamba mabingwa hucheza kwa kasi na kejeli, mgeni akatoka na aibu. Anza na bao la kujifunza: kete zote 64 zinawekwa ubaoni, mbili kila shimo, na mchezo unaanza mara moja. Mgeni akishajua kula, kutakata na kusambaza kutoka kichwani, ndipo mhamie bao la Kiswahili lenyewe, ambalo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa nyumbani, na 22 akiba mkononi za kunamua moja moja.

Mambo matatu ya kuzingatia:

- Weka ubao juu ya meza. Mashimo ya kuchimba ardhini ni mazuri kwa vijana. Magoti ya miaka 70 hayayawezi.
- Tumia kete za komwe. Hushikika, na mwenye macho hafifu anaweza kuzihesabu kwa vidole.
- Tenga ubao mmoja kwa wanaojifunza, na mabingwa wasiruhusiwe kuusogelea isipokuwa wakiitwa.

Asiyependa bao apewe kazi ya kusoma au kusikiliza. Kitabu kimoja kinatosha kikundi kizima msomaji akiwa mzuri. Tamthilia husisimua zaidi kwa sababu sauti zinagawanywa: *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, itawapa watu sita kazi kwa wiki nne. Kurasa kumi kwa siku zinatosha.

HISTORIA YA KIJIJI: KAZI AMBAYO NI NYINYI TU MNAOIWEZA

Vijiji vingi vya leo vilipata sura yake wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Waliokuwa watoto wakibebeshwa sufuria na kuku kuelekea kijiji kipya ndio mnaostaafu sasa. Msipoandika nyinyi, hakuna atakayejua kisima kilikuwa wapi na nani alikaa chini ya mkuyu upi.

1. Chora ramani ardhini. Tumia majivu kuchora mto na barabara. Kila mmoja aweke jiwe palipokuwa na kaya yao ya zamani.
2. Uliza maswali madogo. "Mlihama mwezi gani? Mlibeba nini, mkaacha nini? Usiku wa kwanza mlilala wapi?" Swali kubwa kama "Elezea historia ya kijiji" huzaa hotuba, swali dogo huzaa kumbukumbu.
3. Andika papo hapo. Daftari kubwa la jalada gumu, kurasa zenye namba, jina la msimulizi na tarehe. Mwandishi asiboreshe lugha ya msimulizi.
4. Soma tena kwa msimulizi. Akikanusha, sahihisha. Akitaka kitu kifutwe, kifutwe.
5. Nakili mara tatu. Nakala moja ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja kwenu.
6. Warudishie watoto. Mwombeni mwalimu mkuu kipindi kimoja kwa mwezi. Nendeni wawili wawili, mzee mmoja asibaki peke yake na mtoto.

Anayetaka kuandika maisha yake mwenyewe asome kwanza *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* ya Shaaban Robert, aone jinsi mtumishi wa kawaida anavyoweza kuyafanya maisha yake yasomeke.

> TAHADHARI
>
> Andikeni kwa wino ukurasa wa kwanza wa daftari: "Kumbukumbu hizi hazionyeshi mipaka ya ardhi." Ramani ya majivu ikigeuka ushahidi wa shamba la nani, kijiwe kimekwisha. Anayeleta mgogoro wa mpaka aelekezwe baraza la ardhi la kijiji siku hiyohiyo.

MWILI: DAKIKA 15 ZISIZOVUNJA MTU

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na wazee waongeze mazoezi ya nguvu na ya kukaa imara siku tatu au zaidi. Kulima kunahesabika, lakini jembe halifundishi mwili kujizuia usianguke. Fanyeni haya, kila mmoja ameshika egemeo la kiti:

- kuketi na kusimama polepole, mara nane;
- kusimama kwa mguu mmoja kwa kuhesabu hadi kumi, kisha mwingine;
- kuinuka kwa vidole vya miguu, mara kumi;
- kutembea hatua kumi, kisigino mbele ya vidole, mwenzako akiwa ubavuni;
- kuzungusha mabega, shingo ikitulia.

Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua au aliyebadilishiwa dawa ya presha hivi karibuni apumzike na aende zahanati. Mashindano ya mbio za wazee yaachwe.

SANDUKU: LINI NA VIPI

Baada ya wiki 12, mkiwa bado mnakutana, mnaweza kuzungumzia fedha. Anzeni na dogo: mfuko wa faraja wa kumpelekea mgonjwa sukari na sabuni. Mkitaka kuweka na kukopeshana, fuateni haya:

1. Uwekaji uwe wa hiari, na ufanyike siku nyingine au baada ya kijiwe kufungwa. Asiyeweka abaki mwanakijiwe kamili.
2. Bei ya hisa iwe ile anayoiweza mwenye kipato cha chini kuliko wote.
3. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na asiwepo kati yao anayelaza sanduku kwake.
4. Jisajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa na inavitaka visajiliwe. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii.
5. Kiinua mgongo cha mtu hakijadiliwi kikundini. Hakuna kumshawishi aliyelipwa mafao "awainue wenzake".

Msianzishe kikundi kwa kusubiri mkopo wa halmashauri. Utaratibu wa asilimia 10 ya mapato ya ndani uliowekwa na sheria mwaka 2018 uligawa fungu hilo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazee hawakutajwa kama kundi.

MAKOSA YANAYOUA VIJIWE

- Kumkaribisha mwanasiasa azindue. Nusu ya watu watadhani ni kampeni. Akija, aje kama mzee wa kijiji na asishike kipaza sauti.
- Kuahirisha kwa sababu ya msiba. Misiba haiishi. Nendeni msibani pamoja kama kijiwe, saa ileile, siku ileile.
- Somo lisilo na kufanya. Mgeni akizungumza saa nzima, wazee watasinzia kwa adabu. Mpe dakika 15 na umwambie mapema.
- Kugeuza kijiwe kuwa mahali pa kulalamikia vijana. Wiki moja ya malalamiko inatosha kwa mwaka.
- Kumsahihisha mtu Kiswahili au kusoma mbele za watu. Hatarudi.
- Kuwa walimu wa bure wa shule. Kusaidia watoto kusoma ni jambo jema, saa moja kwa wiki na kwa idhini ya mwalimu mkuu. Vipindi vya mwalimu aliyekosekana si kazi yenu.
- Kusubiri Oktoba 1. Siku ya Wazee Duniani ina fulana na maandamano. Kijiwe kina Jumatano nyingine 51.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA SIKU YA KWANZA

☐ Wenzangu watatu wamekubali, mmoja ni mwanamke.
☐ Saa imependekezwa na wanawake.
☐ Siku haigongani na gulio, ibada wala kliniki.
☐ Mahali pana kivuli, choo na viti vyenye egemeo.
☐ Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wana taarifa.
☐ Birika, majani ya chai, tangawizi, sukari pembeni.
☐ Daftari na kalamu mbili.
☐ Ubao mmoja wa bao, juu ya meza.
☐ Najua wa kufundisha wiki ya pili na ya tatu.
☐ Hakuna aliyeombwa senti.

Wiki hii fanya jambo moja tu: taja jina la mtu wa rika lako ambaye hujamwona kwa mwezi mzima, uende kwake leo au kesho kabla ya jua kuzama. Huyo ndiye mwenzako wa kwanza. Wawili waliobaki mtawatafuta pamoja.